Mgeni wa Tanga na Kibali cha Salha

Haupiti mwezi bila kijana kunifuata nyumbani Buguruni na swali lile lile. "Shikamoo, Mzee Kondo. Nina shangazi Dubai. Nimwandike kwenye fomu ya kibali au nisimwandike?" Sijaulizwa hali, sijaulizwa goti langu linaendeleaje, shangazi ndiye ametangulia. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Ndiyo maana leo nimekaa kitako kuandika, mimi ambaye kukaa kitako kulinishinda tangu darasani.

Kwa asiyenijua, nilifanya kazi ya upekuzi. Kampuni yetu ilikuwa na ofisi ghorofani, upande wa Mnazi Mmoja, na ilikuwa ikipeleka wafanyakazi sehemu ambazo si kila mtu anaruhusiwa kuingia: maghala ya mizigo ya ndege, vyumba vya mitambo, milango yenye kamera. Huko mtu hapiti getini bila kibali cha usalama. Na kabla ya kibali lazima ajulikane: ametoka wapi, anaishi na nani, ana tabia gani, ana ndugu wapi. Wenzangu walishughulika na makaratasi, mimi nilishughulika na watu. Nilitembea, nikauliza, nikarudi kusema nilichokikuta. Kuamua haikuwa kazi yangu. Kulikuwa na kamati.

Niliingiaje huko na elimu yangu ya darasa la sita? Kwa uzururaji, wanangu. Nimebeba viroba Kariakoo, nimepara samaki Feri, nimekuwa dalali wa vyumba Buguruni. Nimekaa Mombasa. Nimefika Lubumbashi kwa mjomba wangu, nikakaa mpaka mke wake akaanza kunisalimia kwa kununa. Nimevuka hadi Moroni kwa sababu tu jamaa mmoja alibisha kwamba sitafika. Kila nilipokwenda nilikuwa na ugonjwa mmoja, kutaka kujua. Huyu kaolewa na nani, yule kahamia kutoka wapi, mbona wale hawasalimiani. Nyumbani walisema ni umbea. Siku nilipoanza kulipwa mshahara, ukaitwa ujuzi.

Aliyeniajiri ni Mama Ngonyani, sajini mstaafu wa polisi, mwanamke wa Songea mwenye sauti ndogo na macho makubwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipekua. Nilijaza fomu yake mpaka nafasi zikaisha, nikaendelea kuandika pembeni.

"Huyu mjomba wa Lubumbashi ni raia wa wapi?" akaniuliza.

"Wa huko huko, mama. Alioa, akaota mizizi."

"Mnawasiliana?"

"Ananipigia kuuliza baiskeli yake iko wapi."

"Iko wapi?"

"Mombasa, mama."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia maneno niliyoyabeba miaka yote ya kazi. "Kondo, una ndugu nje, umezurura nje, na huna hata kimoja unachokificha. Mtu kama wewe, nani atamtisha, na kwa lipi?"

Hapo ndipo penye kiini, vijana, na wengi wenu hampaoni. Mnadhani ndugu wa nje ni doa, na mpekuzi ni dobi anayetafuta madoa. Sivyo. Kama ingekuwa hivyo, Dar es Salaam nani angefanya kazi? Huyu ana dada Nairobi, yule ana babu Msumbiji, huyu shemeji yake yuko Guangzhou ananunua mabegi. Kamati inataka kujua huyo ndugu ni wa karibu kiasi gani, mnazungumza mara ngapi, anafanya kazi gani huko, na zaidi ya yote, kama kuna mtu anaweza kumtumia kukubana wewe. Mtu akikwambia, "Nipe funguo za ghala, la sivyo nitasema una kaka Maskati," na kaka huyo ulishamwandika siku ya kwanza, utamjibu, "Kaseme, na uwasalimie." Lakini kama ulimficha, hapo mwenzio ameshakushika pabaya.

Uraia nao una mambo yake. Ndugu yako kuwa raia wa nchi nyingine ni jambo lake. Wewe kuwa na pasi mbili mfukoni ni jambo lako. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Aliyezaliwa nao wote, akifika ukubwani anachagua. Siku hizi kuna hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa kwingine, lakini hadhi hiyo si uraia, msije mkachanganya mkaandika uongo bila kujua.

Wapo pia wanaozidisha ukweli. Kulikuwa na kijana mmoja Mmanyema wa hapa hapa Buguruni, Ramadhani, aliyesikia kwamba tunataka ndugu wote. Alituletea ndugu wa Bujumbura, wa Uvira, wa Kigali, kurasa kwa kurasa, kama watu wa mkutano wa hadhara. Nikamfuata.

"Huyu Baba Mdogo Saidi wa Uvira, mnahusiana vipi?"

"Alikula kwetu Idi, mzee."

"Idi ngapi?"

"Moja. Ila alirudi kesho yake."

Ilibidi nikae naye barazani nimfundishe kwamba undugu wa sinia ni mpana kuliko ule unaotuhusu sisi. Tukabaki na wale anaowajua kweli, anaowapigia simu, anaowatumia na wanaomtumia. Alipata kibali chake bila shida yoyote. Mtu akizidisha, unampunguza. Aliyepunguza ndiye anayekupa kazi.

Na hapa nakuja kwa Salha.

Salha alikuwa binti wa Kariakoo, wa familia yenye asili ya Kiarabu iliyokaa mtaa mmoja nyuma ya maduka ya vitambaa tangu enzi za mababu. Alisomea mambo ya shehena, akahitimu, akakaa muda mrefu akipima iliki na mdalasini dukani kwa mama yake mkubwa, Bi Zena. Kisha ikapatikana nafasi ya msimamizi wa ghala la mizigo ya ndege. Usaili akaupita vizuri. Kilichobaki ni kibali, na wenye ghala walisema watamngoja mpaka mwisho wa mwezi, basi, baada ya hapo nafasi anapewa mwingine.

Kwenye fomu, mahali pa ndugu walio nje, aliandika "hakuna". Mahali pa uraia mwingine, wa sasa au wa zamani, akaandika "hakuna" vilevile.

Nikaenda mtaani kwao. Nikaanza na Mshamu, fundi cherehani aliyekuwa akishonea barazani mkabala na nyumba yao.

"Salha? Mtoto mzuri sana," akasema bila kuinua macho. "Hana ndugu hata Unguja."

Sikuwa nimemuuliza habari za ndugu. Nilikuwa nimeuliza bei ya kupunguza suruali.

Nikasogea kwa muuza kanga. "Salha hana ndugu hata Unguja." Nikaenda kwa mama wa vitumbua. "Yule? Masikini, hana ndugu hata Unguja." Nikasimama katikati ya mtaa nikacheka peke yangu, mpaka mwenye mkokoteni akanizunguka kwa tahadhari. Familia ya Kiarabu, Kariakoo, haina ndugu hata Unguja. Hao si walishushwa na mvua?

Mama Ngonyani alikuwa na usemi wake: ukiuliza swali ambalo jibu lake limeshapikwa, utalishwa. Kwa hiyo sikuuliza tena. Nikaenda dukani kwa Bi Zena kununua pilipili manga.

"Asalaam alaikum, Bi Zena."

"Wa alaikum salaam. Wewe ndiye unayezunguka kuulizia mwanangu?"

"Ndiye."

"Unaoa au unaozesha?"

"Napekua, dada yangu."

"Kupekua ni kazi ya kuku." Akamwaga pilipili kwenye mizani. "Na nikuokolee muda. Nyumba hii haina ndugu wa nje. Hata Unguja."

"Hata Pemba?"

"Pemba ndiyo kabisa."

Wakati huo wapagazi wakapita na masufuria makubwa ya kukodi, yale ya shughuli, wakayaingiza uani. Nikauliza, kwa mazoea tu, kama kuna harusi. Salha akatoka ndani akifuta mikono, mrefu, mwembamba, mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Si harusi, mzee. Ijumaa baada ya swala tuna hitima ya mama, anatimiza mwaka." Kisha, kwa kuwa amelelewa, akaongeza: "Karibu."

Mizani ya Bi Zena ikalia kwenye meza. Lakini angefanya nini? Nyumba ya pwani haitaji hitima mbele ya mtu halafu ikamwacha bila kumkaribisha, hata mtu huyo awe mpekuzi aliyekuja kuwapekua. Nimewahi kuona watu wakificha mambo kwa werevu mkubwa, kisha adabu ikawafungulia mlango wa nyuma.

Nikamweleza Mama Ngonyani.

"Umealikwa?"

"Nimealikwa."

"Basi nenda ukaombe dua. Kalamu iache hapa."

Nikaenda. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka nyumba hadi nyumba, majamvi yametandikwa, kila mtu kapewa juzuu yake. Wanaume tulikaa nje, wanawake ndani. Na katikati yetu alikaa kijana mmoja ambaye hata kipofu angemtambua kwa pua, maana alinukia udi wa gharama. Kanzu yake nyeupe ilikuwa na kishada shingoni, kofia yake imedariziwa kwa mtindo wa Omani, na sura yake ilikuwa ya Salha mwenye ndevu.

Bi Zena akatokeza mlangoni, akaniona, akafikiri kwa haraka, akamnyooshea kidole yule kijana.

"Jamani," akasema, "huyo ni mgeni wetu wa Tanga. Hasikii vizuri, msimchoshe kwa maneno."

Basi yule kijana akawa wa Tanga, na kiziwi, palepale, bila kuulizwa.

Kisomo kikaisha. Sheikh akainua mikono, kisha kabla ya kuanza dua akauliza, kama desturi ilivyo, marehemu ameacha watoto wangapi, ili awaombee kwa majina.

"Mmoja, sheikh," Mshamu akajibu. "Binti. Salha."

Nilikuwa namtazama mgeni wa Tanga. Kwa mtu asiyesikia, alisikia upesi. Aliinamisha kichwa, akafunika uso kwa viganja kabla dua haijaanza, na hakuviondoa mpaka sote tuliposema amina.

Likaja pilau. Sinia letu tulikaa wanne: mimi, mgeni, Mshamu aliyejipachika hapo kama mlinzi, na dereva mmoja wa malori asiye wa mtaa ule, aliyekuwa amefurahi kupita kiasi.

"Kumbe ndugu yangu wa Tanga," dereva akapaza sauti, kwa kuwa aliambiwa mwenzake hasikii. "Mimi wa Ngamiani. Wewe wa wapi?"

Mgeni akamtazama Mshamu. Mshamu akatazama pilau.

"Katikati," mgeni akasema.

"Katikati ya wapi?"

"Ya Tanga."

"Barabara ya ngapi?"

"Ile kubwa."

"Zote kubwa, ndugu yangu. Ya ngapi?"

"Kuleni jamani, pilau linapoa," Mshamu akasema.

"Mbona lafudhi yake kama ya Manga, kule Uarabuni?"

"Amekaa sana baharini."

"Si ulisema hasikii? Mbona mimi ananijibu?"

"Anasoma midomo," Mshamu akasema, jasho linamtoka. "Wewe una midomo mikubwa."

Nikamsogezea mgeni kipande cha nyama, maana nilimhurumia. Hakukila. Tulipokwenda kunawa kwenye ndoo, kando ya watu, aliniegemea.

"Mzee, mimi nasikia. Na Tanga sijawahi kukanyaga. Aliyesomewa leo ni—"

"Ngoja," nikamkatiza. "Kabla hujasema, nikwambie mimi ni nani. Mimi ndiye mpekuzi wa kibali cha Salha. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukisema, nitakwenda nayo kazini."

Akanikodolea macho. Nilidhani ataondoka. Badala yake akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa kiroba.

"Ni wewe? Afadhali. Basi sikia yote. Naitwa Nassor. Aliyesomewa ni mama yangu. Salha ni dada yangu, baba mmoja mama mmoja. Tulizaliwa Maskati. Baba ni raia wa kule, na sisi tulikuwa na pasi za kule tangu utotoni. Walipoachana, mama akarudi na Salha, mimi nikabaki na baba. Salha alipofika umri wa kuchagua, baba alimwandalia kila kitu. Chuo, chumba, mpaka pazia za chumba. Dada yangu akaukana uraia wa kule mwenyewe, kwa taratibu zote, akala kiapo cha huku. Akamwambia baba, 'Mimi ni wa Kariakoo.' Baba mpaka leo hajasema naye. Hata mama alipofariki, rambirambi alizipitishia kwangu."

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Sasa mimi niende wapi, mzee? Maskati nasikiliza lawama. Kariakoo nimefanywa kiziwi."

Bi Zena alishatufikia. Kanga moja kiunoni, nyingine mkononi kama fimbo.

"Kondo. Umekula pilau langu, malipo yake ndiyo haya?"

"Pilau nimelilipa kwa dua, dada."

"Nilikuwa nalinda riziki ya mtoto. Nani atampa ghala mtoto wa Maskati? Mtaa mzima unajua, ndugu wa nje ni doa."

"Bi Zena, ulichokifungia kabatini ndicho kitu chake kizuri kuliko vyote. Mtu kapewa pasi ya nchi yenye neema, akairudisha kwa hiari yake ili abaki nanyi hapa na vumbi hili. Hilo nyie mmelificha, kwa sababu mkilisema itabidi mseme na baba, na kaka."

"Wewe unasema hivyo. Wakubwa zako watasemaje?"

"Sijui," nikamjibu, na ilikuwa kweli. "Jumatatu nitasema nilichokiona. Lakini afadhali akitangulia yeye kusema."

Salha alikuwa nyuma yake. Sijui alifika saa ngapi, ila alikuwa amesikia ya kutosha, maana uso ulikuwa umebadilika.

"Mama mkubwa," akasema taratibu, "sheikh aliuliza watoto wa marehemu. Tumemwambia mmoja."

Sheikh alikuwa ameshavaa viatu, yuko ukingoni mwa jamvi. Salha akapita katikati ya wanaume wote wale, jambo ambalo si la kawaida, akasimama mbele yake.

"Samahani, sheikh. Marehemu ameacha watoto wawili. Mimi, na kaka yangu Nassor, ametoka Maskati. Naomba uturudie."

Alijua mimi niko pale. Alijua mwisho wa mwezi uko karibu. Alinitazama kabisa kabla ya kusema.

Sheikh akavua viatu, akakaa, akainua mikono. Tukainua sote. Safari hii jina la Nassor likatajwa, na aliposikia likitajwa kijana yule alilia waziwazi, mabega yakimcheza, na Bi Zena aliyekuwa mkali kama pilipili yake akaishia kumfuta uso kwa ile kanga ya kunipigia mimi.

Dua ilipokwisha, dereva wa malori akaniinamia. "Kwa hiyo si wa Tanga?"

"Si wa Tanga."

"Nilijua. Ngamiani hatunawi mapema hivyo."

Jumatatu asubuhi Salha alikuwa ofisini kabla yangu, na Nassor kando yake. Kamati ilikuwa na mkuu wake, Bwana Lyimo, mtu wa chai ya rangi na kanuni, ambaye sijawahi kumwona akitabasamu kabla ya saa sita mchana. Mama Ngonyani alikuwa pembeni. Nami nilikuwa mlangoni, kwa sababu waliniita niseme yangu, na nilipomaliza hakuna aliyeniambia nitoke.

"Uliandika huna ndugu nje," Lyimo akamwambia Salha.

"Nina baba na kaka Maskati. Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Niliambiwa nikiwataja nitakosa kazi. Na mimi nikaogopa."

"Uliandika hujawahi kuwa na uraia mwingine."

"Nilikuwa nao tangu kuzaliwa. Niliukana nilipofika umri."

"Hilo ni jema. Mbona nalo ulilificha?"

"Ningelisema bila kumtaja baba, ningelisemaje?"

Lyimo akanywa chai. "Kesho baba yako akikupigia, akikuomba umpitishie mzigo ghalani bila kukaguliwa, kwa heshima ya baba, utafanyaje?"

"Baba hanipigii, mzee."

"Nimesema akipiga."

"Baba alinipa nchi nikaikataa, na nilimpenda, na bado nampenda. Mzigo nitashindwa kuukataa?"

Nassor akageuza uso dirishani. Mama Ngonyani akavua miwani, na safari hii hakuwa anacheka.

Hawakumpa kibali siku hiyo. Msidhani kwamba mtu akisema maneno mazuri milango inafunguka yenyewe. Ilibidi habari za uraia zithibitishwe kwa watu wa uhamiaji, shughuli za Nassor na baba yake zijulikane, na kila mtu wa mtaa ule nimrudie upya. Mshamu alinipunguzia suruali bure kwa aibu. Kwa Bi Zena nilipita kila siku kwa kisingizio cha pilipili, naye alikuwa ananipimia kidogo kuliko nilicholipa, mpaka nyumbani wakasema ninaibiwa. Mwisho wa mwezi ukawa unasogea, na Salha akawa amekonda kama sindano.

Siku ya mwisho kabisa Lyimo akamwita. Kibali kilikuwa cha muda, chenye masharti: kila akisafiri nje, kila akipokea mgeni wa nje, kila akianza mawasiliano mapya na ndugu wa nje, aje kuripoti kwanza. Baadaye wataangalia upya.

"Nataka uelewe jambo moja," Lyimo akamwambia. "Kaka yako hakukuponza. Baba yako hakukuponza. Pasi ya zamani imekusaidia. Kilichotuchelewesha ni Tanga."

Tangu hapo nilikuwa mimi ninayepokea ripoti zake, na hakuna mtu aliyeripoti kama yule. Nassor anakuja Idi, kaja kuripoti. Nassor katuma halua, kaja kuripoti na halua yenyewe, tukaikagua kwa makini mpaka ikaisha. Binamu wa Unguja, ambaye sasa alikuwepo, kaja kutembea. Nikamwambia Unguja si nje, mwanangu. Akasema, "Mama mkubwa kasema nisiache kitu."

Vijana wa upekuzi wa leo wana simu zinazofanya nusu ya kazi yetu. Picha moja ya harusi mtandaoni inawaonyesha ndugu ambao mimi ningewatafuta mpaka jozi mbili za viatu ziishe. Nawasifu, na nawaonea wivu kidogo. Lakini picha inaonyesha nani kasimama na nani, haisemi nani hasemi na nani. Kwa hilo bado inabidi ukanawe mikono kwenye ndoo na watu.

Nilipokuwa nakaribia kustaafu, Salha alikuja siku moja bila halua. Kibali chake kilikuwa kimeshakuwa cha kudumu, na ghala zima lilikuwa chini yake. Alikaa, akaweka mkoba magotini.

"Nakuja kuripoti safari, mzee."

"Ya wapi?"

"Maskati."

Nikachukua kalamu. Kuna maswali ambayo tunamuuliza kila mtu, hata tukimjua, na ni vizuri kuyauliza kwa sauti ile ile.

"Unakwenda kumwona nani?"

"Baba."

"Uraia wake?"

"Wa kule."

"Mara ya mwisho kuwasiliana naye?"

"Jana. Nassor alimsimulia nilichosema mbele ya kamati. Miaka yote hii hakumsimulia, aliogopa. Jana kamsimulia. Baba akanipigia."

"Na kabla ya jana?"

Akatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akitabasamu tangu siku ile dukani.

"Kabla ya jana, mzee, sikuwa na la kuripoti."

Nikaandika "jana", nikagonga muhuri, nikamwambia amsalimie.